Mgeni Asiyefikia Jembe: Juu ya Dai la Kujifunza Kihispania kwa Safari ya Baiskeli

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hutumiwa aghalabu kumwonya mgeni asiwe mzigo kwa wenyeji wake. Lakini ndani yake mna fundisho jingine liwafaalo watu wa elimu ya lugha: ya kuwa mgeni hawi mtu wa nyumba, wala hayajui maneno ya nyumba, mpaka amepewa kazi ya nyumba. Kwa kipimo hicho makala hii yapima dai moja lirudiwalo katika vitabu vya wasafiri, yaani kwamba mtu akipanda baiskeli akapita katika nchi za Kihispania miezi kadha wa kadha, njia yenyewe humfundisha lugha. Dai hilo si la uongo. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosahauliwa ndiyo iliyo nzito.

Uandishi wa namna hii haukuanza jana. Mmarekani Fanny Bullock Workman na mumewe William Hunter Workman waliizunguka Hispania kwa baiskeli mwaka wa 1895, na kitabu chao cha safari hiyo kikapigwa chapa mwaka wa 1897. Tangu wakati huo uwanja umehama ukavuka bahari. Njia isifiwayo kuliko zote sasa ni Barabara Kuu ya Amerika, itokayo Prudhoe Bay katika Alaska hata Ushuaia, ncha ya kusini ya Ajentina, mwendo wa kilomita 30,000 hivi. Barabara hiyo imekatika mahali pamoja, katika misitu ya Darién kati ya Panama na Kolombia, ambako kwa kadiri ya kilomita 100 hakuna njia ya magari. Mwingereza Alastair Humphreys, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli kuanzia mwaka wa 2001 hata 2005, alipanda kutoka Patagonia hata Alaska. Wengine wengi hushuka kutoka kaskazini. Mtu ashukaye hivyo, akiisha kuvuka mpaka wa Marekani na Meksiko, husikia Kihispania karibu kila siku mpaka mwisho wa safari. Basi si ajabu akidhani kwamba amekaa mwaka mzima darasani.

Yafaa kwanza kutaja fadhila za chombo chenyewe. Baiskeli haina kioo wala mlango wa kumtenga mtu na nchi. Mwenye gari hununua mafuta akapita. Mpanda baiskeli huomba maji, huuliza kama mbele kuna mlima, huomba idhini ya kupiga hema nyuma ya shule au kanisa. Hufika kijijini ametoka jasho, hana kiburi, na watoto humzunguka kabla hajashuka. Hivyo lugha kwake si pambo, ni haja; akikosa neno la maji atakosa maji. Stephen Krashen alishikilia katika miaka ya 1980 kwamba lugha hupatikana kwa kusikia maneno yafahamikayo, na Michael Long akaongeza kwamba faida kubwa imo katika kule kufahamishana, mmoja akiuliza na mwingine akirudia kwa namna nyepesi zaidi. Mambo yote mawili msafiri huyu anayo. Kwa hiyo maendeleo yake ya mwezi wa kwanza na wa pili ni ya kweli, na wenye kuyasifu hawakosei.

Kosa laanza katika hesabu. Tuseme mpanda baiskeli mwenye mizigo huenda kilomita 80 kwa siku, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Saa tano na zaidi za kila siku huzipitisha juu ya kiti, kichwa chini, akishindana na upepo, hasemi na mtu. Akiwa na mwenzake wa nchi yake, husema naye lugha ya nyumbani. Jioni huchoka, hula, hulala. Saa zinazobaki kwa Kihispania ni chache kuliko zile za mtumishi wa hoteli au za mtoto aliyehamia mjini, wala miezi minane ya njiani si miezi minane ya lugha.

Lakini uchache wa saa si neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba mazungumzo yenyewe ni yale yale. Umetoka wapi? Waenda wapi? U peke yako? Huogopi? Baiskeli hii yauzwa kiasi gani? Huna mke? Msafiri huyajibu maswali hayo leo kwa shida, kesho kwa nafuu, na mwezi ujao kwa ufasaha uwashangazao wenyeji, nao humsifu kwamba asema vizuri sana. Asubuhi hufunga mizigo, hushukuru, huondoka. Usiku ufuatao yuko mbele ya mwenyeji mwingine asiyejua kwamba maswali hayo yamekwisha kujibiwa, na mambo huanza upya. Akisafiri siku 200 atakuwa amefanya mazungumzo ya kwanza mara 200, na ya pili pengine hata moja. Ufasaha alio nao ni wa kweli, ila ni ufasaha wa hotuba moja aliyoikariri.

Wataalamu wa kujifunza lugha wamelitazama jambo la namna hii kwa muda mrefu. Larry Selinker alieleza mwaka wa 1972 jinsi mwanafunzi anavyojijengea lugha yake ya kati, isiyo ya mama yake wala si ya wale anaoiga, na jinsi lugha hiyo iwezavyo kuganda mahali isiendelee tena. Mwaka wa 1978 John Schumann alitoa habari za mtu wa Kostarika, aliyemwita Alberto, aliyeishi Marekani na Kiingereza chake kikabaki chepesi kama lugha ya sokoni, kwa sababu mbalimbali alizozihesabu Schumann kuwa ni umbali kati yake na watu wa lugha ile. Mwaka wa 1983 Richard Schmidt alitoa habari za Mjapani mmoja katika Hawaii, aliyemwita Wes, mtu mcheshi, mwenye rafiki wengi na maneno mengi, ambaye sarufi yake haikuendelea ila kidogo sana baada ya miaka mitatu. Wes hakuhitaji sarufi zaidi ya ile, maana alifahamika. Msafiri wa baiskeli ni ndugu yake Wes. Wenyeji wanamhurumia, wanamalizia sentensi zake, wala hakuna amlazimishaye kusema sawasawa. Merrill Swain alikwisha kuonyesha mwaka wa 1985 kwamba bila kulazimishwa hivyo mwanafunzi huweza kufahamu mengi na kuunda machache.

Baada ya hayo huja swali ambalo vitabu hivi huligusa kwa mzaha tu: Kihispania kipi? Mfano ulio karibu na mpanda baiskeli ni tairi lake mwenyewe. Katika Meksiko na Gwatemala tairi ni *llanta*. Mtu aliyelizoea neno hilo kwa maelfu ya kilomita, akifika Ajentina akaomba *llanta*, ataletewa ringi, maana huko neno hilo ni la chuma, na mpira wake ni *goma* au *cubierta*. Neno *neumático* katika Chile ni tairi la nje. Katika Kolombia fundi wa baiskeli akisikia neno hilo hutoa mpira wa ndani. Na fundi wa pancha mwenyewe hubadili kibao kila mpaka: *vulcanizadora* katika Meksiko, *montallantas* katika Kolombia, *llantería* katika Peru, *vulcanización* katika Chile, *gomería* katika Ajentina. Hadithi za namna hii huchekesha, na wasafiri hupenda kuzisimulia. Lakini maana yake si ya kuchekesha: mpitaji hukusanya neno moja la kila mahali, na mara tu alipoanza kulitumia kwa uhakika, mahali pamekwisha.

Majina ya vitu ni mepesi. Adabu ndiyo ngumu. Kihispania kina namna za kumwita mtu wa mbele yako, nazo hazigawanyiki kwa kipimo kimoja katika nchi zote. Katika sehemu kubwa ya Meksiko rafiki huitwa *tú* na mkubwa *usted*. Katika Ajentina rafiki ni *vos*, na kitenzi chake hubadilika kufuatana nalo: *vos tenés*, si *tú tienes*. Katika Chile watu huweza kusema *tú* na kitenzi kikachukua umbo jingine, *tenís*, hasa kati ya vijana. Kule Bogotá *usted*, ambalo vitabu vya shule huliita neno la heshima na umbali, husemwa pia kati ya marafiki na ndugu. Na katika Kostarika huweza kuambiwa hata mtoto mdogo. Msomaji aliyekulia mahali ambapo kijana hampiti mzee pasipo shikamoo ajua kwamba neno la namna hii haliwi sahihi kwa kufahamika tu. Mgeni mwenye kumwambia bibi mzee *tú* hupewa maji vilevile, wala hakaripiwi, kwa kuwa ni mgeni. Kwa hiyo hajui kamwe kwamba amekosea. Ukarimu uleule umpao chakula humnyima masahihisho.

Jambo hili lawa zito kuliko yote katika milima ya Andes. Vitabu hivi huandika kwamba huko "watu husema Kihispania", kana kwamba ndicho lugha yao ya kwanza. Katika sensa ya Peru ya mwaka wa 2017 watu zaidi ya milioni tatu na nusu walitaja Kikechua kuwa lugha waliyojifunza kwanza utotoni. Katiba ya Bolivia ya mwaka wa 2009 yatambua lugha 36 za wenyeji pamoja na Kihispania. Huko Gwatemala, kabla ya kufikia Andes, lugha za jamii ya Kimaya ni 22. Basi mara nyingi mpanda baiskeli na mwenyeji wake wote wawili wanaazima: mmoja ameazima mwaka huu, mwingine aliazima shuleni. Mgeni akisikia *i* mahali alipotazamia *e*, huandika kwamba mzee yule alisema Kihispania kibovu. Kumbe Kikechua kina vokali tatu tu, *a*, *i* na *u*, na mzee asema kwa masikio ya lugha ya mama yake. Msemaji wa Kiswahili, ambaye ameisikia lugha yake ikitamkwa kwa lafudhi za bara zima, hana sababu ya kustaajabu wala ya kucheka.

Tena kuna jambo la sarufi ambalo lafaa kuwekwa mbele ya kila mwenye kudai kwamba amejifunza njiani. Wasafiri hulalamika sana kwamba wenyeji wa milimani huwadanganya juu ya njia: waliambiwa kwamba barabara imefunguliwa, wakaikuta imefungwa, waliambiwa kwamba mlima umekwisha, wakakuta mwingine. Sasa Kikechua cha Cuzco humtaka msemaji aonyeshe amelijuaje jambo alisemalo. Kiishio *-mi* huonyesha kwamba msemaji ana hakika yake mwenyewe. *-Si* huonyesha kwamba ameambiwa. *-Chá* huonyesha kwamba anakisia. Watu wenye desturi hiyo wakisema Kihispania, hawaiachi nyuma. Huitafutia vyombo katika lugha mpya: huweka neno *dice*, yaani "yasemwa", mwishoni mwa sentensi au kati yake, na umbo la kitenzi ambalo katika vitabu vya shule ni la wakati uliopita zamani, *había llovido*, kwao laweza kumaanisha kwamba mvua ilinyesha nasi hatukuiona, twaona tope tu.

Basi mwenyeji akiulizwa habari za barabara akajibu, *Hay paso, dice*, hakusema kwamba njia ipo. Amesema kwamba amesikia njia ipo. Amekuwa mwaminifu kuliko alivyotakiwa, maana ameonyesha mpaka wa ujuzi wake. Mgeni amesikia *hay paso*, akaliacha *dice* lianguke kama neno la kujazia, akapanda mlima, akarudi na hasira, na kitabuni akaandika kwamba watu wa huko hawaaminiki. Si kila habari mbaya ya njia yaweza kuelezwa hivi. Nyingine hutoka katika kutaka kumfurahisha mgeni, kama Mswahili amwambiavyo mchovu kwamba ni hapo mbele tu. Lakini hata moja ikielezwa hivi yatosha kuonyesha hatari. Asiyejua lugha vya kutosha hakosi maji tu. Aweza kumwandika mtu mwongo kwa sababu ya kiungo cha sarufi ambacho hakukisikia, na maneno yake yakasomwa katika nchi ambako mwenyeji yule hana wa kumjibia.

Hapo ndipo uhakiki wa lugha ugeukapo kuwa uhakiki wa uandishi. Aghalabu katika vitabu hivi mwandishi hukiri, katika sura ya tatu tuseme, kwamba ana maneno hamsini ya Kihispania. Katika sura ya nne mkulima humsimulia habari za mashamba, za serikali na za marehemu baba yake, kwa sentensi ndefu zilizopangika, katika Kiingereza safi. Ni nani aliyezisema sentensi hizo? Yamkini mkulima alisema mengi kuliko hayo, na mgeni akashika theluthi. Yamkini alisema mengine kabisa. Msomaji hapewi alama yoyote ya kumwonyesha kipi kilisikiwa, kipi kilikisiwa, kipi kilijazwa mezani baada ya miaka miwili. Ni ajabu kwamba mwandishi aliyepita katika nchi ya *-mi* na *-si* arudi na kuandika kitabu kizima kana kwamba yote aliyasikia kwa hakika. Kama angejifunza jambo hilo moja kwa wenyeji wake, kitabu chake kingekuwa cha kweli zaidi, na pengine kizuri zaidi.

Dawa yake haihitaji elimu kubwa. Richard Schmidt huyohuyo alipokaa Brazili miezi mitano aliandika shajara ya Kireno alichokuwa akijifunza, akarekodi mazungumzo yake pia, na mwaka wa 1986 yeye na Sylvia Frota wakavilinganisha. Waliona kwamba aghalabu maumbo aliyoyatumia ni yale aliyokuwa ameyatambua masikioni mwake, akayaandika. Mengine yaliyopita karibu naye kila siku bila kutambuliwa ni kama hayakuwako. Mpanda baiskeli ana shajara tayari. Wengi wao huiandika kila usiku ndani ya hema. Laiti wangeandika humo, pamoja na kilomita na vilima, maneno waliyoyakosa, masahihisho waliyopewa, na sentensi walizojifanya kuzielewa. Shajara kumi za namna hiyo zingewafaa wataalamu wa lugha kuliko vitabu vingi vya sifa.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki jambo hili lina mwangwi wake. Kiswahili pia kilisafiri bara kwa miguu, na wageni wengi walikiokota njiani na mashambani. Katika Kenya ya ukoloni kilizuka kile kilichoitwa Kisetla, na mwaka wa 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara kwa askari, masetla na wafanya biashara. Lugha ile iliganda katika amri: lete, peleka, fanya upesi. Kihispania cha mpanda baiskeli huganda katika ombi: naomba, tafadhali, asante, kwaheri. Tofauti hiyo si ndogo, kwani mwenye kuomba ameinama na mwenye kuamuru amesimama, wala si haki kuwaweka katika kundi moja. Lakini kwa upande wa lugha wamefanana katika neno moja: kila mmoja amejifunza zaidi upande wake wa mazungumzo. Setla hakujua watu wasemavyo wakiwa wenyewe jikoni. Mpanda baiskeli hajui wasemavyo akiisha kuondoka.

Kwa hiyo vipimo vya ujuzi vyapasa kubadilika. Kupata maji, chakula na mahali pa kulala si kipimo, maana hayo hupatikana hata kwa ishara. Vipimo vifaavyo ni hivi: Je, aweza kuwafuata wenyeji wawili wanaozungumza wao kwa wao, wasiompunguzia mwendo? Aweza kukataa chakula cha pili asimuudhi mpishi? Aweza kutoa pole penye msiba na pole yake isikike kuwa pole? Aweza kutaniwa, akajua kwamba anataniwa, akarudisha? Wenye kufaulu katika mambo hayo wapo. Lakini ukizitazama safari zao, aghalabu utakuta kwamba waliwahi kusimama: majuma sita katika shule za lugha za Antigua au Quetzaltenango huko Gwatemala, wakikaa katika nyumba ya familia moja, mwezi wa mavuno shambani, au homa iliyowalaza mahali pamoja mpaka jirani akaanza kuwaita kwa jina. Walijifunza siku baiskeli ilipoegemea ukutani.

Alhasili, njia si mwalimu mbaya, ila ni mwalimu wa darasa la kwanza tu, naye huwarudisha wanafunzi wake darasa hilohilo kila asubuhi. Mwenye kutaka kupanda darasa na akae. Asiyeweza kukaa, kwa kuwa fedha ni chache na Ushuaia iko mbali, hana hatia. Lakini akiandika, na aandike kama mgeni wa siku mbili, aseme alilolisikia, alilokisia na aliloambiwa, kila moja kwa alama yake. Maana jembe halikushikwa, na maneno ya shambani yamebaki na wenye shamba.